Sanduku la waliofyeka pori: nianzie wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Babu na bibi yangu walikuwa katika familia za kwanza kuhamia eneo letu, wakati huo likiwa pori tupu. Bibi amefariki, na mimi mjukuu wake wa kike ndiye niliyeachiwa sanduku lake. Ndani mna barua, stakabadhi, picha nyingi zisizo na majina, negativu, daftari mbili za mihtasari ya kamati ya wahamiaji, na kaseti ambazo marehemu mjomba aliwarekodi wazee. Ndugu zangu wanasema niziskani zote, niweke mtandaoni, halafu makaratasi tuyachome maana yanaleta mende. Wazee wa kizazi cha kwanza waliobaki wanahesabika. Nianzie wapi?"

Dada, pole kwa msiba. Karatasi usichome hata moja, na skana iache kwanza. Kazi ya haraka haimo sandukuni, imo kwa hao wazee wanaohesabika. Barua iliyokaa miaka 50 inaweza kungoja mwaka mmoja zaidi bila kudhurika sana, mradi iko pakavu. Lakini mtu pekee anayejua yule mwanamke aliyesimama kushoto kwenye picha ni nani, huyo huwezi kumwekea ratiba.

Kuna kisa cha Marekani ambacho kinafaa hapa. Mpiga picha Solomon Butcher alianza mwaka 1886 kuzunguka wilaya ya Custer, jimboni Nebraska, akiwapiga picha wahamiaji mbele ya nyumba zao zilizojengwa kwa mabonge ya udongo wenye nyasi. Pamoja na picha alikusanya masimulizi ya familia hizo, akikusudia kutoa kitabu. Mwaka 1899 nyumba yake iliungua. Negativu zake, ambazo zamani hizo zilikuwa za vioo, zilikuwa zimewekwa ghalani, zikapona. Masimulizi yakateketea. Ilibidi aanze tena kuyakusanya, na kitabu kikatoka mwaka 1901. Aliweza kwa sababu wasimulizi wengi walikuwa bado hai na bado walikuwa majirani zake. Ajali hiyo ingetokea miaka 30 baadaye, tungebaki na vioo vilivyojaa watu tusiowajua. Ndivyo lilivyo sanduku lako sasa: picha unazo, majina huna.

Kwa hiyo wiki hii chagua picha kama 30, zipige kwa simu, uzichapishe kwa ukubwa ambao mzee atauona bila kuhangaika. Zipe namba. Asili ziache nyumbani. Wewe nenda na nakala. Kaa na mzee mmoja, washa kinasa sauti cha simu, na kila mnapoanza picha itaje namba yake kwa sauti, "hii ni picha namba 14", ili atakayesikiliza miaka 20 ijayo ajue mnazungumzia nini. Mwanzoni kabisa mwa rekodi taja tarehe, mahali, jina lako na jina la mzee, kisha umwombe ruhusa hapo hapo kwa sauti: naweza kuitunza sauti hii? Naweza kuwapa wengine waisikie? Naweza kuiweka mtandaoni? Hayo ni maswali matatu tofauti na majibu yake huweza kutofautiana. Simu izimwe mtandao isije ikalia katikati, uilaze juu ya kitambaa karibu na anayesema, na redio ya jirani uiombee dakika chache za kimya.

Sasa kuhusu maswali. Usimwambie mzee, "Nisimulie historia ya eneo letu." Atakupa hotuba ile ile aliyoitoa kwenye sherehe zote, na mara nyingi ni hotuba ya watu mashujaa na viongozi wenye busara. Muulize vitu vinavyoshikika. Usiku wa kwanza mlilala wapi? Maji mlichota wapi kabla ya kisima? Nani alikuwa na shoka, nani aliazima? Mbegu za kwanza zilitoka kwa nani, na mlilipa nini? Mpaka wa shamba lenu na la jirani mliupima kwa kitu gani, hatua au kamba? Mtu wa kwanza kufa alizikwa wapi, na mahali hapo panajulikana leo? Swali dogo la namna hii humtoa mtu kwenye hotuba na kumrudisha mahali penyewe, na mara anaanza kukuonyesha kwa mikono jinsi mti ulivyoangukia upande usiotarajiwa.

Swali moja usilisahau: nani alikuja akaondoka? Historia za maeneo ya namna hii huandikwa na waliobaki, na waliobaki ndio waliofanikiwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimpa mhamiaji ekari 160, kama hekta 65, kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Watu wengi sana walijiandikisha wasifike mwisho: ukame, madeni, ugonjwa, upweke. Vizazi vyao viko kwingine na havijui kwamba kulikuwa na shamba. Katika eneo lenu pia wapo, na wazee wanayakumbuka majina yao vizuri, hasa kama waliondoka na deni.

Wazee wawili wakipingana, andika yote mawili na nani kasema lipi. Usijifanye hakimu siku hiyo hiyo. Tarehe nazo watazitaja kwa matukio: mwaka wa ukame mkubwa, mwaka alipozaliwa fulani, kabla ya daraja. Yaandike hivyo hivyo walivyosema, kisha tafuta stakabadhi au mhtasari wa kamati wenye tarehe ya tukio hilo. Hapo ndipo sanduku na mzee wanaposaidiana. Stakabadhi inajua siku, mzee anajua sababu.

Wakati wazee wanaendelea, kinachofuata kwa haraka ni zile kaseti. Watu wengi hudhani karatasi ndiyo dhaifu kuliko vyote, kumbe karatasi nzuri pakavu hudumu karne. Kanda ya sumaku ina adui wawili: yenyewe huchakaa, na mashine za kuichezesha zinaisha duniani. Kabla ya kugusa chochote, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kaseti, upande ulio kinyume na ule ambako utepe huonekana; vikishavunjwa mtu hawezi kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tafuta redio kaseti nzima, isafishe kichwa kwa pamba yenye spiriti, uijaribu kwanza na kaseti isiyo na thamani. Ikitafuna, itafune hiyo. Kaseti iliyokaa miaka bila kuchezwa ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma mara moja kabla ya kuicheza. Kisha icheze mara moja tu, huku ikiingia moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya, si kwa kuielekezea simu spika. Hifadhi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, biti 24, kilohezi 48 au zaidi. MP3 itoe baadaye kwa ajili ya kuwatumia ndugu. Maneno yaliyoandikwa kwenye jaladi la kaseti yapige picha pia. Mara nyingi hilo ndilo jina pekee la msimulizi.

Kama hujapata mashine nzuri, usijaribu na mbovu. Ngoja, au mpelekee mwenye vifaa.

Tuje sandukuni. Usilimwage mezani ukaanza kupanga picha na picha, barua na barua, ingawa mikono itakuwasha. Tangu mwaka 1841, Natalis de Wailly alipoweka utaratibu huo katika hifadhi za Ufaransa, watunza nyaraka hushika kanuni kwamba karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja au ofisi moja zibaki pamoja na zisichanganywe na za wengine. Na pale inapowezekana, hata mpangilio wa mwenyewe uachwe. Sababu yake ni ya kazi, si ushabiki. Tuseme stakabadhi ya magunia mawili ya mbegu imekunjwa ndani ya barua ya kaka yake bibi. Zikiwa pamoja, unajua aliyelipia mbegu. Ukiiweka stakabadhi kwenye faili la stakabadhi, inakuwa karatasi ya dukani tu na hakuna atakayelijua hilo tena, wewe mwenyewe ukiwemo mwezi ujao.

Piga picha sanduku likiwa wazi. Toa tabaka la juu, piga picha tena. Endelea hivyo hadi chini. Kila fungu lililofungwa pamoja lipe namba, na kila kitu ndani ya fungu kipe namba yake: 3/1, 3/2, 3/3. Namba ziandike kwa penseli laini kwenye bahasha au kwenye kona ya nyuma ya karatasi, kwa mkono mwepesi. Nyuma ya picha usitumie kalamu ya wino kamwe. Wino hupenya, na ncha ngumu huacha alama inayoonekana upande wa sura. Picha zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, hizo andika kwenye bahasha.

Orodha yako iwe jedwali la kawaida la kompyuta au hata daftari. Namba, ni kitu gani, kimetoka kwa nani, tarehe kama inajulikana, watu waliotajwa, na aliyekwambia. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayotofautisha habari na tetesi. "Huyu ni babu wa upande wa mama, kwa mujibu wa shangazi, tarehe fulani" ina nguvu kuliko "babu". Usipojua, andika "haijulikani". Kukisia kukishachapwa hugeuka ukweli ndani ya kizazi kimoja.

Ukiwa unatoa vitu, zinuse negativu. Sitanii. Negativu za plastiki za aina ya asetati zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na mvuke huo huchochea uozo wa zilizo jirani. Zenye harufu zitenge, ziwe za kwanza kuskaniwa, ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, pahali pa baridi penye hewa, si ndani ya kopo lililofungwa. Kama kuna za zamani zaidi, za kabla ya miaka ya 1950, huenda ni za naitreti, plastiki ambayo hushika moto kwa urahisi wa kutisha; Kodak waliacha kuzitengeneza mwaka 1951. Tazama ukingoni: nyingi za baadaye zimeandikwa SAFETY, yaani si za naitreti. Ukiona ya zamani inanata, imegeuka rangi ya kahawia au inabomoka, usiitunze nyumbani. Ongea na hifadhi ya nyaraka yenye wataalamu wa picha.

Mengine ni ya haraka. Pini za stepla na klipu zilizoota kutu zitoe taratibu kwa kuzifungua miguu, usizing'oe. Rababendi zote zitupwe. Selotepu usibandike popote, na iliyokwishabandikwa usiivute. Usimkubalie mtu yeyote akupeleke kulaminisha cheti au hati. Joto na plastiki ile havitoki tena. Vipande vya gazeti vitenganishe na barua, kwa kuwa karatasi ya gazeti ina asidi na huiachia jirani yake doa la kahawia. Stakabadhi za mashine zile nyororo zinazofifia zipige picha leo. Barua yenye wino wa kahawia uliotoboa karatasi usiikunjekunje. Wino wenyewe una chuma na asidi na unaila karatasi, iweke bapa ndani ya bahasha yake. Albamu zenye kurasa za gundi, ambazo picha zimeng'ang'ania, zipige picha ukurasa mzima kama ulivyo. Mikono iwe safi na mikavu. Glavu vaa kwa picha na negativu tu, kwa sababu kwenye karatasi hukupotezea hisia ya vidole na ndipo unapochana.

Kuhusu mende, ndugu zako wana hoja, ila dawa yao ni kali kuliko ugonjwa. Mende hufuata gundi, makombo na unyevu. Karatasi usizipulizie dawa ya wadudu. Fungu lenye wadudu lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, utoe hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Ukilitoa usifungue mfuko mpaka lirudi kwenye joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya karatasi. Negativu za vioo na kaseti zisiingie humo. Baada ya hapo tumia maboksi magumu yenye vifuniko, yakae kwenye rafu angalau sentimita 15 juu ya sakafu kwa ajili ya maji na mchwa, mbali na ukuta wa nje, mbali na jiko, mbali na dari linalopata joto la bati. Kinachoua karatasi zaidi ni kupandapanda kwa joto na unyevu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa muda, ukungu unaanza. Chumba kinachokaliwa na watu, chenye kabati lisilopigwa jua, ni bora kuliko stoo yoyote. Na mvua ikiingia, una saa 48 hivi kabla ya ukungu: tandaza zikauke kwenye upepo, au kama ni nyingi, zigandishe kwanza ushughulike nazo baadaye.

Baada ya yote hayo, skana. Barua na mihtasari kwa nukta 300 hadi 400 kwa inchi, picha za karatasi 600, negativu ndogo za milimita 35 kwa mashine yake, 3000 au zaidi. Skani kwa rangi hata kama karatasi ni nyeusi na nyeupe, kwani doa, wino wa pili na muhuri uliofifia ni habari. Skani na upande wa nyuma. Faili mama liwe TIFF, aina ya faili la picha lisilopunguzwa ubora, na lisiguswe. Ukitaka kung'arisha sura ya bibi, fanya kwenye nakala. Zile negativu za Butcher zilipokuja kuskaniwa kwa ubora mkubwa na hifadhi ya Nebraska, milango ambayo kwenye picha zilizochapwa ilikuwa giza tupu ilianza kuonyesha vitu vilivyokuwa ndani ya nyumba. Ndiyo maana nakwambia asili isichomwe: hujui mashine ya kesho itaona nini ambacho ya leo haioni, na faili lililoharibika huwezi kulirudisha kama asili ni majivu.

Majina ya faili yaanze na namba ya kitu, kisha mwaka, mwezi na siku kwa mpangilio huo, bila herufi za ajabu. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba, ikiwezekana nje ya eneo zima. Mara moja kwa mwaka zifungue. Flashi iliyolala droo kwa miaka kumi usiitegemee, na CD za kuchoma nyumbani usizitegemee hata kidogo. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni ukumbi mzuri wa kuwauliza watu "huyu ni nani?", na majibu yake yanakiliwe kwenye jedwali lako siku hiyo hiyo. Kuhifadhi ni kitu kingine. Mitandao hiyo huzipunguza picha ubora, na siku ikifungwa haitakupigia simu.

Usifikiri sanduku ndilo historia yote. Watu wa maeneo mapya huacha alama nyingi mbali na kwao, kwa sababu walihitaji vibali, mikopo na viwanja kutoka kwa watu waliokuwa mbali. Mfano ni hao wa Marekani: ili apewe hati, mhamiaji alipaswa kuthibitisha akiwa na mashahidi wawili kwamba amejenga na kulima. Majalada hayo yako katika Hifadhi ya Taifa, na ndani yake kuna vipimo vya nyumba, idadi ya milango na madirisha, ekari zilizolimwa na mazao. Familia nyingi hazijui kwamba nyumba ya babu imeelezwa hivyo kwenye karatasi. Kwa hiyo tafuta ofisi ya ardhi, ya wapima ramani, shule na rejesta zake, chama cha ushirika, zahanati, magazeti ya wakati huo, na nyumba za ibada. Vituo vya Wamisionari wa Afrika, kwa mfano, viliandika shajara ya kila siku kwa agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie. Mvua, wageni, ugomvi wa mipaka, vyote vimo.

Nakala zilizotawanyika zina faida nyingine. Mwaka 1922 hifadhi ya taifa ya Ireland iliteketea pale Dublin, na sensa za 1821 hadi 1851 zikapotea karibu zote. Kazi ya kuijenga upya hifadhi hiyo kwenye kompyuta imetegemea nakala na dondoo zilizokuwa zimekaa kwa watu wengine na nchi nyingine. Marekani nako, moto wa Januari 1921 jijini Washington uliharibu sehemu kubwa ya sensa ya 1890, kipindi ambacho familia nyingi zilikuwa zinahamia magharibi; watafiti sasa huziba pengo hilo kwa rejesta za kanisa na madaftari ya wilaya. Kwa hiyo ukimpa mtu nakala, umejikinga na moto wako mwenyewe.

Ukisoma hati za serikali, jiulize sheria ilimtaka nani aandikwe. Marekani ilimruhusu mwanamke asiye na mume mwenye miaka 21 kuomba ekari zake. Jina lake limo. Kanada, sheria yake ya 1872 iliporekebishwa mwaka 1876, kwa kawaida ilimruhusu mwanamke aliye mkuu wa familia tu, kama mjane mwenye watoto. Matokeo yake, maelfu ya wanawake waliolima upande wa Kanada hawaonekani kwenye majalada kwa haki yao wenyewe, si kwa sababu hawakuwepo. Mihtasari ya kamati yenu nayo isome hivyo. Kama wajumbe wote ni wanaume, basi barua za bibi ndizo nusu iliyobaki ya mihtasari hiyo.

Na hili la "pori tupu", dada, lichunguze. Ni nadra pori kuwa tupu. Kulikuwa na wafugaji waliopita kwa misimu, wawindaji, warina asali, watu waliohamishwa au waliokimbia maradhi. Waulize wazee: mlipofika mlikuta njia? Mlikuta mafiga, makaburi, vigae vya vyungu, miti ya matunda iliyopandwa? Kijito kile kilikuwa na jina tayari, na mlilisikia kwa nani? Historia nyingi za maeneo ya waanzilishi huanza siku mkokoteni wa kwanza ulipofika, na huo ni mwanzo unaompendeza aliyekuwa kwenye mkokoteni. Jina la zamani la kijito ni hati, ingawa halijaandikwa popote. Kachore ramani pamoja na wazee, hata kwa mkono: visima, mapito, makaburi, mashamba ya kwanza, na majina yote mawili pale yalipo mawili.

Kabla ya kuweka chochote hadharani, zisome zile daftari za kamati mwanzo hadi mwisho. Mihtasari ya kijijini ina mambo ambayo mkoa hauna: nani alitozwa faini, nani alituhumiwa wizi wa mahindi, mtoto wa nani si wa nani. Wahusika au watoto wao wanaishi mtaa wa pili. Mataifa yenyewe hufunga karatasi za watu kwa muda; Marekani hungoja miaka 72 kabla ya kufungua sensa, Uingereza 100. Wewe nawe unaweza kufunga kurasa fulani kwa miaka kadhaa, ukaandika wazi kwamba zipo na zimefungwa hadi lini. Kuchana ukurasa ni kosa. Kuufunga ni busara ya kawaida ya kazi hii. Barua nazo zina jambo lake: karatasi ni mali ya aliyeipokea, maneno ni ya aliyeandika na warithi wake, kwa hiyo barua za kaka yake bibi zinahitaji kauli ya watoto wake kabla ya kuchapishwa.

Mwisho ni hatima ya asili zenyewe. Msimamo wangu: zisikae kwa mtu mmoja nyumbani kwa kizazi kingine tena, maana mrithi anayejali hufuatwa na asiyejali. Tafuta hifadhi ya mkoa, chuo au ya dini, uwaulize maswali magumu: mtaliweka sanduku pamoja au mtaligawa? Watu wa kwetu wataruhusiwa kuziona bure? Mkifunga milango, zinakwenda wapi? Majibu yaandikwe kwenye makubaliano yenye sahihi, pamoja na kurasa ulizotaka zifungwe. Wasipotaka kuandika, ondoka na sanduku lako.

Ila daftari mbili za kamati zitenge na mengine kabla ya mazungumzo hayo. Bibi alizitunza, labda akiwa katibu au mke wa katibu, lakini ni za kamati. Kama kuna chama, baraza au ushirika uliorithi kazi za kamati ile, waite, waonyeshe daftari, waachie nakala nzima iliyochapishwa, na uwaombe barua ya ruhusa ya kuzipeleka asili hifadhini. Wakikataa, zirudishe kwao baada ya kuziskani, na kwenye jedwali lako andika ziko kwa nani.